Akishakanyaga Barafu Haitwi

Uongozi wa Jumba la Barafu la Zarechensk unawatangazia wadau wote wa michezo ya majira ya baridi kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, vining'inizio vya chumba cha makoti vyenye namba shufwa vitatumika kwa makoti marefu tu, na vyenye namba witiri kwa makoti mafupi tu. Wenye makoti ya kimo cha kati watatumia busara. Mliosoma tangazo hili mnaombwa kuwaarifu ambao hawajalisoma.

Matvei Tikhonovich Lazutin alilisoma mpaka mwisho, maana alikuwa na desturi ya kusoma kila kilichopigwa muhuri, kisha akabaki amesimama na koti lake mkononi. Lilikuwa la kimo cha kati.

Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya mashtaka hadi alipostaafu. Sasa alikuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu ya shirikisho la mkoa la kuteleza kwa madaha barafuni, mchezo ambao hakuwahi kuucheza na ambao aliuheshimu kwa sababu moja: hakujua mwingine ambamo watu wazima wamekubaliana kuupima uzuri kwa desimali na bado wakasalimiana.

Jumapili iliyopita mkoa ulifanya mchujo wa kumpata msichana mmoja wa kuuwakilisha katika mashindano ya taifa ya vijana. Nafasi hiyo moja aliipata Taisia Shubina. Ulyana Merzlyakova, au Ulya kwa waliomzoea, aliyeteleza mara baada yake, alianguka mwanzoni kabisa, akainuka, akamaliza, na akaikosa nafasi kwa sehemu sita za kumi za pointi. Wasichana hao walikuwa wanafunzi wa kocha mmoja na walilala chumba kimoja katika bweni la michezo. Kilichowatenga kilikuwa umri. Taisia alikuwa na miaka kumi na tano. Ulyana alikuwa na kumi na saba, na mwakani sheria ingemhesabu mtu mzima. Asipokwenda mwaka huu, haendi tena. Jina la mwakilishi lingetumwa Moscow Ijumaa adhuhuri. Leo ilikuwa Jumatano, na kamati ilikuwa imepokea malalamiko.

Mlalamikaji alikuwa kocha mwenyewe, Zinaida Arkadyevna Pukhova. Lazutin alimkuta katika chumba cha makocha, amekalia hita, glavu zake zimeanikwa kando yake.

"Karibu ukae, Matvei Tikhonovich. Chai?"

"Nikishamaliza."

"Itapoa basi. Maswali yako nayajua, yana mkia mrefu."

"Umeandika kwamba mwamuzi mkuu, Nonna Pavlovna, aliwapa majaji wenzake ishara kwa kugonga mguu sakafuni."

"Nimeandika, na hapa narudia."

"Aligonga vipi?"

"Ulya alipokuwa barafuni, mara mbili. Ko, ko. Maana yake mwekeni wa pili. Kwa Taisia aligonga mara moja. Hata mtoto wa chekechea angeelewa."

"Ulimwona akigonga, au ulimsikia?"

Zinaida Arkadyevna aligeuza glavu moja, ingawa upande ule ulikuwa haujakauka.

"Nilimsikia."

"Ukiwa wapi?"

"Mlangoni pa uzio. Kocha asimame wapi tena, jikoni?"

"Mlango uko ng'ambo ya pili ya uwanja, na muziki ulikuwa unapigwa."

"Mimi nina miaka thelathini kwenye barafu, baba. Chuma kikikata vibaya nakisikia nikiwa usingizini."

"Taisia naye ni mwanafunzi wako. Malalamiko haya yakikubaliwa, utakuwa umemnyang'anya mmoja ukampa mwingine."

"Nadai haki."

"Ya nani?"

 Kocha alimmiminia chai ambayo hakuiomba, akaizidisha sukari, na Lazutin akaandika kwamba shahidi amemimina chai. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Lazutin, aliyesikiliza mashahidi kwa nusu ya uhai wake, alishuku kwamba wahenga hawakuwahi kufanya kazi ya mashtaka.

Nonna Pavlovna alikuwa jukwaani pa majaji, akisahihisha madaftari ya wanafunzi, kwa kuwa siku za kazi alifundisha jiometri. Hakuinua kichwa.

"Nasikia mimi ni jambazi. Kaa tu, leo sikubeba bunduki."

Lazutin hakukaa. Alikuwa anatazama miguu yake. Mwamuzi mkuu alivaa mabuti ya sufu iliyoshindiliwa, ya kijivu, mazito, yaliyompanda hadi magotini, ya aina ambayo wanakijiji huvaa kuendea kuni.

"Haya unayavaa siku zote?"

"Tangu Oktoba mpaka Aprili. Saruji hii inakula figo za watu. Anayetaka kupendeza akae kule kwa watazamaji."

"Na Jumapili uliyavaa?"

"Waulize wenzangu, walinicheka mpaka wakachoka. Mmoja alisema nafanana na mlinzi wa ghala la viazi. Nikamwambia viazi havipigi kelele kama makocha."

"Tafadhali gonga mguu."

Nonna Pavlovna alimtazama juu ya miwani, kisha akagonga. Ilisikika kama paka anayeshuka kitandani.

"Kwa nguvu zaidi."

Paka alishuka tena, mnene kidogo.

Lazutin aliuzunguka uwanja mzima hadi mlangoni pa uzio, akasimama alipodai kocha kuwa alisimama, akainua mkono. Ng'ambo ile mwalimu wa jiometri alipigapiga miguu kama farasi aliyekataa gari. Hapakusikika kitu ila mvumo wa mitambo ya kugandishia barafu, na muziki hata haukuwa unapigwa. Akarudi, akaandika kwamba ishara iliyodaiwa haingeweza kutolewa kwa chombo kilichotajwa.

"Sasa niambie kwa nini ulimpa Ulyana Merzlyakova alama zile."

"Nilimpa alizostahili. Kwa kuanguka, kila mtu alimkata sawasawa, hapo hapana mjadala. Mimi na wenzangu wawili tukamkata tena mikono."

"Mikono imefanya nini?"

"Haikufanya kitu, ndiyo kosa lenyewe. Alipoinuka alikuwa amekunja ngumi ya kulia, na hakuikunjua mpaka muziki ulipokwisha. Msichana anacheza maombolezo, mwili unalia, shingo inalia, halafu mkono umefumbwa kama bibi anayeshika nauli. Na mikono ya huyo mtoto naijua, ni mizuri kuliko ya wote mkoani. Asingeikunja ngumi ile, angeshinda hata baada ya kuanguka. Niliumia kuandika alama ile. Lakini niliiandika, kwa sababu niliona ngumi."

"Ulidhani ni kwa nini?"

"Nilidhani ameumia kidole. Kazi yangu ni kupima, Matvei Tikhonovich. Kudhani nawaachia nyinyi."

Lazutin alishuka hadi ukingoni, akaegemea uzio. Mtu anayeelekeza kidole jukwaa la majaji kwa tuhuma ambayo bibi mmoja huipangua kwa jozi ya mabuti ama ni mjinga, ama anataka watu watazame kule ili wasitazame mahali pengine. Zinaida Arkadyevna hakuwa mjinga. Mkabala na jukwaa la majaji palikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni mlango wa uzio alipokuwa amesimama yeye. Na Ulyana alianguka hatua chache kutoka mlangoni hapo, akijivuta tu kinyumenyume kuchukua kasi, mahali ambapo hata wanaojifunza hawaanguki.

Akamfuata Ulyana chumba cha kubadilishia nguo. Msichana alikuwa anapanga vitu vyake kwenye begi, akikwepa kuegemea nyonga ya kushoto.

"Unahama?"

"Natoa nafasi, mjomba. Kuna watoto wanagombea kabati."

"Nionyeshe viatu vyako vya barafu."

Alimpa. Lazutin alivua vifuniko vya plastiki ambavyo watelezaji huvalisha vyuma vyao watembeapo nje ya barafu, akapitisha ukucha taratibu kwenye makali. Kwenye chuma cha kushoto ukucha ulikwama. Palikuwa na pengo dogo, safi, lisilo na kutu.

"Ulivinoa lini?"

"Jumamosi."

"Baada ya Jumapili umeteleza?"

"Na nyonga hii? Hata ngazi nazipanda kama kaa."

"Nje ya barafu unatembea bila vifuniko?"

"Kocha angeniua."

"Basi pengo hili lilipatikana Jumapili, na lilipatikana barafuni. Barafu haipasui chuma, Ulyana. Chuma hung'atwa na chuma. Ulikanyaga nini?"

Alikunja sweta moja mara nne mpaka likawa dogo kama kitabu.

"Sijui."

"Ulikiokota. Ulikishika katika ngumi ya kulia mpaka mwisho, na majaji watatu wakakukata kwa hilo."

Hapo alinyanyua uso. Ilikuwa dhahiri kwamba kukatwa huko alikuwa hajaambiwa na mtu.

"Kwa ngumi?"

"Kwa ngumi. Mwamuzi mkuu anasema ungeshinda."

Ulyana aliketi benchini, kwa upande mmoja.

"Zamu baada yangu ilikuwa ya kale katoto ka kutoka Beryozovka," alisema hatimaye. "Kana miaka kumi na tatu, kanaingia na miruko ya kurudi nyuma. Kangekikanyaga kangevunja shingo. Kwetu ukikuta kitu barafuni unaokota, huulizi. Tumefundishwa hivyo tangu tukiwa na makamasi puani. Mkono ulienda wenyewe."

"Sheria inakuruhusu kusimama, kumpelekea mwamuzi, na kuendelea pale ulipoachia."

"Naijua."

"Hukusimama."

"Ningesimama, angeuliza ni cha nani. Kitu chako kikianguka barafuni unakatwa pointi nzima. Nilijua ni cha nani, nakiona kila asubuhi mbele ya kioo chetu." Akavuta zipu ya begi, ikakwama, akaiacha. "Nilifikiri nitamshinda hata hivyo."

"Kiko wapi sasa?"

"Nilimrudishia mwenyewe, hapa hapa. Akasema ahsante. Tangu siku hiyo hatujasemeshana."

Ukutani ukumbini walikuwa tayari wamebandika picha ya mshindi akisubiri alama zake. Taisia Shubina alikuwa anatabasamu, na shada la nywele lilikuwa limefumuka likamlalia shingoni. Lazutin alikuwa amepita mbele ya picha ile mara tatu tangu asubuhi, na hilo pia aliliandika.

Hakuhitaji kumwita Taisia. Alimkuta mlangoni pa chumba cha kamati, amevaa koti, ana kitambaa mkononi.

"Mjomba, ni wewe unayeuliza habari za Ulya?"

"Mimi."

"Basi chukua hii."

Ndani ya kitambaa mlikuwa na pini ya nywele ya chuma, yenye lulu bandia kichwani, imepinda katikati. Lazutin, ambaye bado alikuwa na kiatu cha Ulyana mkononi, aliweka pengo la chuma juu ya mpindo. Vikakaa pamoja kama kifuniko na sufuria yake.

"Ilitoka lini?"

"Kwenye mzunguko wa mwisho. Niliihisi ikitoka. Nilipofika mlangoni nikamwambia Zinaida Arkadyevna, pini yangu imebaki."

"Kwa sauti gani?"

"Ya kawaida. Akaitazama barafu, nafikiri aliiona, inang'aa. Ila Ulya alikuwa ameshavuka mlango, ameshakanyaga."

"Kwa hiyo?"

Taisia alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hatembei juu ya maji.

"Akishakanyaga barafu haitwi. Ukimwita kwa nyuma, anaanguka. Hata mama yake akizirai kule juu haitwi. Kila mtu anajua."

"Na hakuitwa, na akaanguka."

"Ndiyo."

"Wewe wataka nini, Taisia?"

"Wanikate pointi yangu. Naweza kuhesabu. Nikikatwa, Ulya anakwenda." Alipangusa pua kwa kitambaa kilichokuwa na pini. "Chumbani siwezi kulala. Anageukia ukutani. Anapumua kama mtu aliye macho."

Zinaida Arkadyevna alikuwa bado amekalia hita. Lazutin aliweka pini juu ya meza, kando ya glasi ya chai ambayo sasa ilikuwa baridi. Kocha aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji pini.

"Hapakuwa na mguu uliogongwa," alisema Lazutin.

"Hapakuwa."

"Uliiona?"

"Niliona kitu kinang'aa. Na huyu mdogo ananiambia pini yake imebaki."

"Ungeweza kumpungia mkono mwamuzi. Hilo si kumwita mtelezaji."

"Ningeweza."

"Ulinyamaza kwa ajili ya mwiko, au kwa ajili ya pointi? Ungepunga mkono, Taisia angekatwa."

"Unafikiri sijajiuliza?" Sauti yake haikupanda. "Mwanzo nilijiambia ni mwiko. Mwalimu wangu alinifundisha, na mwalimu wake alimfundisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa nikiwa na miaka kumi na sita, na goti hili unaliona. Halafu usiku nikajiambia, Zina, huyu mdogo ana miaka mitatu mbele yake, yule mkubwa ana huu mmoja, labda moyo wako ulishahesabu kabla ya mdomo. Sijui, Matvei Tikhonovich. Nikuape kwa lolote, sijui. Ilikuwa muda wa kuvuta pumzi."

"Ukamtwisha mtu mwingine."

"Nilitaka kumpatia Ulya nafasi yake bila kusema nilivyompotezea. Nonna ana ngozi ngumu, nikadhani hatadhurika." Aliisukuma pini kwa ncha ya kidole. "Mpe pole zangu."

"Utampa mwenyewe. Kamati inakutana kesho."

Kamati ilikutana Alhamisi mchana. Mwenyekiti, Yermolai Stepanovich, alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe kabla ya chakula, na alisikiliza taarifa ya Lazutin akiwa ameshika kalamu iliyokwisha kufunguliwa. Lazutin alisoma bila vivumishi. Alieleza mabuti, ngumi, pengo la chuma, pini, mlango. Akapendekeza Taisia Shubina akatwe pointi moja kwa ombi lake mwenyewe, na Ulyana Merzlyakova apewe nafasi.

"Kanuni ipo wazi," alisema mwenyekiti. "Kukata kwa kitu kilichoanguka hufanywa na mwamuzi mkuu aliyekiona barafuni kwa macho yake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtelezaji anaweza kujikata. Kesho kila mtu atajikata, tutafika wapi? Nonna Pavlovna, ulikiona?"

 Wasichana wawili walikuwa wameketi kwenye benchi la ukutani, na kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Zinaida Arkadyevna alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Nonna," alisema kocha. "Nimekukosea, na nitakuomba radhi mbele ya mkoa mzima, hata kwenye gazeti. Lakini sema uliiona. Ilikuwa pale. Sote tunajua ilikuwa pale. Hutakuwa umesema uongo, utakuwa umechelewa tu."

Nonna Pavlovna alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa tena. Alimtazama Ulyana, si kocha.

"Niliona ngumi, mwanangu," alisema. "Nikaikata. Laiti ningejua kilichomo, ningekupa alama zote nilizonazo, na za nyumbani. Lakini pini sikuiona. Nikisema leo niliiona, basi huyu mama alikuwa na haki ya kunishtaki, alikosea tu mguu."

"Sawa, Nonna Pavlovna," alisema Ulyana. "Usiseme."

Taisia alianza kulia bila sauti. Ulyana aliitazama ile nafasi ya mtu mmoja kati yao, lakini hakuisogelea.

"Taisia akijitoa?" aliuliza Lazutin.

"Akijitoa baada ya matokeo kutangazwa, mkoa unapoteza nafasi. Hilo nalo lipo wazi." Mwenyekiti alivuta karatasi. "Kuna jingine?"

Lazutin alisema lipo, na kwamba haliwezi kuandikwa. Mwenyekiti alimshukuru, akaandika haya, akayasoma kwa sauti moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kura zikapigwa:

"Kamati ya Nidhamu, baada ya kuzingatia taarifa ya mjumbe wake, imeamua kama ifuatavyo. Tuhuma dhidi ya mwamuzi mkuu hazina msingi na zinafutwa. Alama zilitolewa kwa usahihi. Matokeo ya Jumapili yanabaki kama yalivyotangazwa, na jina la Taisia Shubina litatumwa Moscow kwa wakati. Kocha Pukhova anapewa onyo. Mtelezaji Merzlyakova anapongezwa kwa mdomo kwa kujali usalama wa wenzake, na pongezi hizo zimekwisha kutolewa kwa kusomwa kwa uamuzi huu. Kuanzia msimu ujao, pini za nywele zitakuwa nyeusi, zisizo na lulu. Kielelezo kilichowasilishwa, yaani pini moja iliyopinda, kirudishwe kwa mwenyewe."